Ponipate na Jino la Gavana

Ponipate Ravula ameitunza nyumba ya Gavana hapa Levuka miaka thelathini na tisa. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Mimi Makereta nimeifagia nyumba hiyohiyo miaka ishirini na sita, na yeye ni mtoto wa mjomba wangu, mtani wangu. Simpaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Habari za Gavana Latchford anazijua kuliko vitukuu wa Gavana wenyewe. Wanafunzi wakija huwaambia wazi: "Bwana huyu alijenga sebule juu ya magimbi ya babu zetu, akapiga marufuku ngoma kwa sababu mkewe hapati usingizi. Homa ikamuua. Wanawe wakarudi kwao Uingereza, wakatuachia kaburi na kiti kimoja kibovu."

Kaburi hilo hulipalilia kila Jumamosi. Nikamwambia, "We Ponipate, la baba yako limejaa magugu!" Akacheka: "Baba hana wageni, Makereta."

Mwezi uliopita akaja kitukuu wa Gavana, Bibi Harriet, ana miaka themanini na moja, kabeba jino la nyangumi ambalo wazee wetu walimpa Gavana. Ponipate kuliona tu, machozi! Akalipokea kwa mikono miwili, akalibusu, mama wa watu hajafungua hata mdomo. Mzee mzima! Kwetu hata mtoto anajua: ukipokea jino, umekubali ombi. Ndipo Bibi Harriet akasema: akifa yeye mwenyewe, azikwe papo hapo, kando ya Gavana.

Ardhi si ya Ponipate, ni ya ukoo, na ukoo umechoshwa na kaburi moja, seuze mawili. Wazee wanakaa Jumatatu. Wakikataa, yeye ni mwongo mbele ya yule mama. Wakikubali kwa shingo upande, vijana watamwita boi wa Gavana mpaka afe. Hali, halali. Juzi nimemkuta anamwagilia maua na mvua inanyesha.

"Una wazimu?"

"Nawaza."

"Kawaze mbele ya wazee!"

Kuomba radhi kwetu hakuendi mikono mitupu, kunataka jino lingine, naye hana. Ninalo mimi, nililoletewa siku tuliyomzika mume wangu Taniela. Nimelifunga kwenye mkeka, nimemwekea mlangoni kwake.

Ahsante, mtani, kwa miaka yote, hata ile uliyonikera. Kapumzike vyema, ule ushibe. Nanyi wazee mnaosoma salamu hizi za kumuaga: Jumatatu mtaliona jino mikononi mwake. Ni lile mlilolileta wenyewe kumlilia Taniela. Likataeni kama mnaweza.