Kabla Mbegu Haijagusa Udongo

Kwaa! Mlango wa choo umegonga tena usiku, nami kitandani nikajua ni wewe, Ogola, mwanangu wa kwanza, maana hata mimi niliwahi kuugongesha hivyo hivyo, nikitoka kukojoa kila mara na kurudi na kiu isiyoisha. Ndiyo maana nimewaita asubuhi hii. Sikilizeni, wanangu, pumzi ingalipo.

Shamba hili la Soy nimeshaligawa: Ogola upande wa barabara, Oketch upande wa mto, na mama yenu Leonida asitolewe nyumbani mwake na mtu yeyote. Hilo limeisha. Lililobaki ni zito kuliko ardhi.

Mnaijua desturi tuliyokuja nayo kutoka ziwani: mwenye boma hulala na mkewe kwanza, ndipo mbegu iguse udongo, kisha wanawe hufuata, mkubwa akimtangulia mdogo. Mwaka uliofuata ile njaa tuliyolishwa mahindi ya manjano ya msaada, mvua ilinyesha, majirani wakapanda, na nyinyi mkakaa na majembe mkiningoja. Niliwaambia mbegu ni mbovu, nikawaambia mvua ni ya uongo, hata Macharia akanicheka ng'ambo ya ua: "Mzee Ouma, unangoja mahindi yajipande?" Ukweli ni kwamba nguvu zangu za kiume zilikuwa zimenikimbia. Nilikunywa mizizi ya sokoni mpaka tumbo likanguruma, nikamtafuta aliyeniloga, nisimwone.

Ni mama yenu aliyesema, bila kucheka, "Baba Ogola, huu ni ugonjwa, si aibu. Twende hospitali." Mficha uchi hazai. Daktari kule Eldoret alipima mkojo, akakuta sukari. Akapima presha, ikawa juu. Akanieleza kwamba wakati mwingine ni mawazo tu, lakini mishipa ya huko chini ni myembamba, huziba mapema, na mwanamume anayeshindwa kitandani huenda moyo wake ndio unaomwonya. Hakuniahidi kitu. Sigara nikaitupa, pombe ya chang'aa nikaiaga, dawa nikameza, na kila jioni nikatembea hadi sokoni na kurudi. Polepole nguvu zikarudi, si za ujana, lakini zangu! Asubuhi ya kupanda nilitoka na jembe begani, mama yenu nyuma yangu akiimba, na Macharia akavua kofia. Tulichelewa kupanda, na bado tulivuna.

Sasa mvua inakaribia, nami sitafungua msimu tena. Ni zamu yako, Ogola, na Oketch hawezi kugusa mbegu kabla yako. Lakini nyumba yako ni baridi. Mkeo ulimrudisha kwao ukisema amekuloga, ukakataza jina lake lisitajwe bomani. Mwanangu, hakuna aliyekuloga. Nenda ukapimwe, kisha umfuate, umwombe msamaha mbele ya wazazi wake. Na wewe Oketch, usimcheke ndugu yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, basi hiyo sigara iliyo mfukoni mwako, iache leo.

Leonida, niinue kidogo... Hapo.

Udongo uwakubali, wanangu. Mvua iwakute mko wawili wawili... vicheko visikauke vyumbani mwenu...

Ogola, mbona umeinama? Mtaje mkeo. Utamwitaje arudi, na ulimi wako unamkataa?

Umesema? Sogea... masikio yamechoka...

Naam. Nimesikia, mwanangu.

Adero.