Zamu ya Asubuhi Tu

Treni ilipoanza tu kutambaa, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali alimwonyesha fundi cherehani, jirani yake wa kiti, karatasi ya zamu. "Dada, huyu mmoja atanizeesha. Ana usonji. Anataka asubuhi tu, mwezi mzima. Nikimpeleka jioni, anazunguka na shuka ileile hadi tunafunga."

Kiti cha nyuma, mama mmoja kijana aliacha kumsuka bintiye. Binti ana miaka sita, naye ana usonji. Hapandi treni asipopata dirisha lilelile. Akija kuajiriwa, atakutana na msimamizi wa namna gani? Mama akatega sikio.

"Na asubuhi je?" fundi akauliza.

"Asubuhi anakunja kuliko wote."

"Sasa kinachokukosesha usingizi nini?"

"Wenzake. Wanasema nampendelea."

"Kwani wao wanaitaka hiyo asubuhi?"

"Saa kumi na moja alfajiri? Thubutu! Wanaikimbia."

Fundi akacheka. "Wanalilia chakula wasichokila!"

"Cheka tu. Leo nikimkubalia yeye, kesho kila mtu atakuja na lake."

"Si uwasikilize? Au usimamizi ni kushika karatasi?"

Msimamizi akabetua midomo. Treni ikafunga breki. Akainuka, akasita. "Una kalamu? Nimwandikie hiyo asubuhi yake."

"Nina sindano tu, dada yangu."

Mama akapapasa mkoba wa bintiye, akatoa penseli ya kijani. "Shika hii, dada. Wala usirudishe."

Msimamizi akashuka, karatasi mkono huu, penseli mkono ule.