Mhitimu Aliye Karibu

YAHUSU: MAZUNGUMZO MAFUPI, YASIYO RASMI, BAINA YA MWOMBAJI NA MHITIMU ALIYE KARIBU NAYE. Ndivyo Hansadi alivyokitafsiri kichwa cha barua, akakisoma mara tatu kwa sauti ya bungeni. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Februari, 1987, mjini Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, penye taruma la reli lililogeuzwa benchi mbele ya jiko la Shee, muuza kahawa. Kaluki alikuwa ameleta mandazi ya mama yake kama kila asubuhi, ila leo baba yake, Mzee Kiilu, mshika ishara mstaafu wa reli, alimwambia akae. Barua ilitoka chuo kimoja cha Marekani ambako Kaluki aliomba nafasi baada ya kumaliza fomu siksi. Ilisema mhitimu wao mmoja anayeishi Kenya angepita Makindu asubuhi hiyo kumwona, kisha angewaandikia ripoti. Bila ripoti, hakuna nafasi. Ilisema pia kwamba hakuna haja ya kujitayarisha, na kwa sababu hiyo kijiwe kizima kilikuwa kinamtayarisha tangu saa moja.

— Soma tena hapo kwa namba, alisema Tanboi. Huyo aliitwa Musembi kanisani tu. Alikuwa utingo, amezunguka na malori hadi Kampala, mpaka tumbo lake lilipokataa kupanda juu ya mizigo.

— "Katika kila waombaji mia moja, chuo huchukua sita."

— Na wale tisini na nne wanapelekwa wapi?



— Wabaki kwao, alisema Shee. Wapelekwe wapi?

— Imeandikwa hivyo?

Hansadi akaikagua barua mbele, akaigeuza, akaikagua nyuma.

— Haijaandikwa.

Jina halisi la Hansadi lilikuwa Kivuva. Alikuwa karani wa DO, afisa wa tarafa, kwa miaka kumi na tisa, na neno lolote lililosemwa mbele yake alilihifadhi pamoja na tarehe, kama kitabu cha Hansadi cha bunge.

— Sikizeni hapa sasa, akaendelea. "Mazungumzo haya hayana majibu sahihi wala yasiyo sahihi."

— Ala! Intaviu haina jibu ya sawa?

— Haina. Na mimi nimekaa ofisi. Swali ikikosa jibu ya sawa, jua jibu walishaandika, wanangoja jina tu. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Kwa hivyo huyo anakuja kuuliza si mjinga. Anajua kitu anatafuta.

— Sivyo isemavyo methali, alisema Shee. Alikuwa mzaliwa wa Lamu, na methali za bara zilimuuma kama jino. — Mwacheni mtoto aende akazungumze na mtu wake. Atamuuliza apenda kusoma nini, basi.

— Shee, wewe unauza kahawa, uza kahawa, alisema Hansadi. Ona hapa: huyu mtu alimaliza hio chuo 1973. Miaka kumi na nne! Mimi nilitoka shule 1951. Siku gani mwalimu amenituma kitu?

— Labda aipenda shule yake.

— Nani anapenda shule mpaka anaiandikia ripoti? Mtu amemaliza na bado anatumwa? Hio si shule. Hio ni kikosi.

Tanboi alisogea karibu, akashusha sauti hadi ikasikika vizuri zaidi.

— Pale Malaba mpakani niliona kalamu iko na redio ndani. Unaongea hapa, mtu anakusikia Nairobi amekula chapati. Kaluki, ukiona ametoa kalamu, wewe kohoa. Kohoa tu mpaka aende.

— Na asipotoa kalamu? aliuliza Kaluki.

— Basi hio ni mbaya zaidi. Anashika kwa kichwa.

Angecheka siku nyingine. Leo alilivuta bakuli la mandazi magotini, akaikazia macho barabara.

— Na hatakuja na ukali, aliendelea Tanboi. Hao wa ukali ni polisi ya kawaida. Huyu atakuja na uso mpole kama mtu wa kanisa. Atawaamkia wazee. Atasema, msiwe na wasiwasi, ni mazungumzo tu.

Mzee Kiilu akaweka kikombe chini. Tanboi akayaangalia makaa kana kwamba ndiyo yaliyosema.

Muthama, kaka yake Kaluki, alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Machi iliyopita watu wawili waliovaa vizuri walibisha mlangoni kwake bwenini, wakasema wanataka mazungumzo naye, dakika tano. Miezi kumi na moja sasa, hajarudi. Mzee Kiilu alikwenda Nairobi mara nne akiwa amebeba sweta. Mara ya nne alipewa fomu yenye swali moja: Sababu ya Kuulizia. Aliandika: Ni mtoto wangu. Karani alimrudishia, akamwambia sababu haitoshi.

— Nau, alisema Kaluki, akimgeukia baba yake. Hii ni shule tu. Ni mimi niliwaandikia.

— Muthama pia alikuwa shule.

Hansadi alikuwa ameinua bahasha juani.

— Na hii gundi imepakwa mara mbili. Kuna mtu amesoma hii barua kabla yetu. Na kama amesoma yao, basi hata yako alisoma.

Hapo ndipo Kaluki alipokumbuka sentensi yake. Fomu ya chuo ilikuwa imetaka maelezo ya jinsi ya kumfikia. Kwao hakukuwa na namba ya nyumba wala simu, ila sanduku la posta la kanisa tu, kwa hivyo aliandika: Makindu ni mji mdogo; uliza mtu yeyote, atakuonyesha kwetu. Alikuwa ameipenda sana sentensi ile. Sasa aliiona kama mlango alioufungua mwenyewe, kisha akalala.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, alihitimisha Hansadi. Yaani mgeni akija, mwenyeji ajifiche ndio apone.

Shee akafungua mdomo amrekebishe. Gari la Pijo la kijivu lilikuwa limetoka barabarani, likasimama karibu nao.

Alishuka mwanamume mmoja Mwafrika, suti ya Kaunda ya kahawia, faili kwapani, kalamu mfukoni. Kijiwe kilikuwa kikitarajia Mzungu.

— Hamjambo wazee wangu.

— Hatujambo, wakasema wote kwa mpigo, kama darasa.

Aliomba kahawa. Shee akamimina iliyobaki. Birika likakauka kwenye kikombe hicho.

— Namtafuta msichana mmoja, Kaluki Kiilu. Mnamjua?

Lori lilipita kwenda Mombasa. Waliisikiliza sauti yake mpaka ikaisha kabisa.

— Kaluki hapa hakuna, alisema Tanboi. Jaribu Kibwezi.

— Kulikuwa na Kiilu mmoja kule Kalamba, alisema Hansadi, ambaye hakuwahi kusahau jina. Lakini huyo alikufa.

— Na wewe, mzee?

— Sikio, alisema Mzee Kiilu akiligusa. Halisikii. Miaka thelathini sikio hilo lilikuwa likiisikia treni kabla moshi haujaonekana.

Mgeni akamgeukia Shee, na Kaluki naye akamtazama Shee.

— Mimi ni mgeni hapa, alisema Shee. Alikuwa Makindu kwa miaka ishirini na miwili.

— Msiwe na wasiwasi, alisema yule mtu kwa upole. Natoka kwa chuo alichoomba. Ni mazungumzo tu.

Tanboi akafumba macho.

— Ajabu kidogo, mgeni akaendelea, kama anayejisemea. Aliandika Makindu ni mji mdogo. Niulize mtu yeyote, atanionyesha kwao.

Ilikuwa sentensi yake, neno kwa neno, katika mdomo wa mtu asiyemjua. Ni chuo kilichompa, au ni yule aliyepaka gundi mara ya pili. Kaluki alitafuta usoni mwake alama yoyote ambayo ingemwambia ni yupi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la chaki, au vumbi la barabara. Chini ya bakuli, mkono wa baba yake ulikuja ukamshika kifundo cha mkono.

— Na wewe, dada? Unamjua?

— Simjui, alisema Kaluki.

Yule mtu alishukuru, akaweka kikombe kikiwa nusu, akarudi garini.

Kilichotokea ni hiki. Alikuwa mwalimu wa kemia, alisoma chuo kile miaka minne, na alikuwa amekuja kuzungumza. Kwenye fomu ya ripoti, mahali pa maoni, aliandika: Nilifika Makindu. Niliuliza watu watano. Hakuna anayemjua.