Sanduku la Mvule Lililoshushwa Mlangoni

Tarehe 30 Juni 1976 Mzee Nuwa Thembo alivua aproni yake ya turubai, akaitundika kwenye msumari ule ule alioupigilia mwenyewe tarehe 1 Aprili 1961, akastaafu. Kwa miaka kumi na mitano na miezi mitatu amekuwa fundi seremala wa Ushirika wa Waosha Dhahabu wa Lhubiriha, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumwona bila penseli sikioni. Wapo wanaosema hulala nayo. Mkewe, Mama Biira, aliombwa athibitishe, akacheka tu.

Alitujia kutoka Muhokya, alikokuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa na milango ya maduka. Waoshaji wetu wa Bwera wakati ule walijiundia wenyewe masanduku ya kuoshea mchanga: mifereji mirefu ya mbao ambamo maji ya mto Lhubiriha hupitishwa, mchanga ukaenda zake na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ikabaki chini. Mbao zilitoka kwenye makasha ya sabuni na ya samaki wa Hamukungu, na misumari ilinyooshwa kwa jiwe. Masanduku hayo yalivuja, yalipinda, na moja lilinuka samaki hadi siku lilipotupwa. Mzee Nuwa alipoyaona mara ya kwanza aliuliza kwa upole kama yalianguka kutoka kwenye lori.

Mwaka 1965 akaruhusiwa kuunda la kwake. Alichagua mvule, akaupiga randa mpaka kiganja kikawa kinateleza juu yake. Kisha, ili jua lisiupasue, akaupaka mafuta ya mawese mara tatu, mawese aliyoyanunua soko la Mpondwe kwa wafanyabiashara wa Beni. Sanduku lilipopakiwa kwenye lori nje ya karakana yetu ya Kasese kwenda Bwera, watu wa mji walitoka kulitazama kama bibi harusi. Nami nilitoka.

Dhahabu ikapungua. Kufikia wiki ya tatu tulikuwa tukipata theluthi tu ya kile kilichotoka kwenye makasha ya samaki. Hakuna aliyelishuku sanduku. Zuri kama lile lingekosaje? Tukamshuku mtu. Mama Wivine, aliyekimbia vita Butembo mwaka uliotangulia na watoto wawili, ndiye aliyekuwa akisuuza mchanga uliobaki sandukuni kila jioni, na upande huu wa mto, yaani Uganda, hakuwa na ndugu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji tuliitisha kikao tumfukuze. Akifukuzwa, angepoteza kazi na kibanda cha ushirika alimolala na wanawe. Mimi Yeseri, karani ninayeandika haya, nilikuwa nimekwisha kuandika barua yake kabla hajasikilizwa, na mpaka leo naona aibu.

Siku ya kikao Mzee Nuwa alikuwa ameitwa Bwera kukaza mguu wa sanduku. Akala kwanza, ugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliyoungwa kwa mawese, kisha bila kunawa akachovya vidole kwenye karai la mchanga mweusi uliongoja kusuuzwa. Viduara vya mafuta vikatanda juu ya maji. Juu ya viduara hivyo vumbi la njano likapanda, likaelea, likamwagika ukingoni. Vumbi laini la dhahabu likishikwa na mafuta halizami. Akalitazama karai, akaligeukia sanduku lake lililong'aa juani. Hakuna mwingine aliyeona. Angeweza kulisugua sanduku kwa majivu kimyakimya, nasi tungeendelea kumsifu.

Akapanda kilima na karai mkononi, akatukuta tumekaa kikaoni, Mama Wivine amesimama mbele yetu. Mama alikuwa amesema maneno machache tu: "Munifukuze kama munataka. Lakini miye sikuiba."

Mzee Nuwa aliweka karai mezani, akachovya tena vidole, tukaona kwa macho yetu.

"Huyu mama iko safi," akasema. "Dhahabu ilienda na mafuta yangu. Kama munataka kufukuza mutu, mufukuze mimi."

Nikaichana barua. Hakufukuzwa mtu, na mwenyekiti alimwomba Mama Wivine radhi mbele ya wote, nami baada yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki iliyofuata Mzee Nuwa alimwendea Mama Wivine, akamwomba amfundishe tabia ya maji, kwa kuwa yeye alijua mbao tu. Wawili hao ndio waliounda masanduku tunayoyatumia sasa. Mbao hazipigwi randa. Hulowekwa mtoni siku saba zivimbe na kuziba nyufa zenyewe. Chini hutandikwa mablanketi makuukuu tuliyopewa na Sajini Ojara wa kambi ya jeshi iliyo jirani, ili yanase vumbi, na juu yake hukingamishwa vipande vya tairi. Mteremko Mzee aliupima kwa chupa ya waragi iliyojazwa maji nusu. Kila mgeni aliuliza ni nani aliyekunywa nusu nyingine, na Mzee, ambaye hajawahi hata kuonja, alikasirika upya kila mara. Leo tuna masanduku ishirini na mawili, na kwetu hakuna anayegusa karai baada ya kula kabla hajanawa kwa majivu, awe mwenyekiti au mpishi.

Lile sanduku la mvule alilitundika mwenyewe juu ya mlango wa karakana ya Kasese. Mgeni akilisifu, alisimuliwa kosa lote tangu mwanzo, apende asipende. Tulimwambia mara nyingi alishushe, akakataa. Basi mwezi Mei likatoweka. Mama Wivine, ambaye sasa ndiye fundi mkuu anayemrithi, alimwambia limeliwa na mchwa. Mzee alinung'unika wiki nzima kwamba mchwa hawali mvule, na alikuwa sahihi.

Siku ya kuagana Mama Wivine alifunua turubai, tukaona benchi. Ni mvule ule ule, umepigwa randa upya na unang'aa kwa mawese.

"Hii nimeipaka mafuta, Papa Nuwa," akasema. "Haina kitu ya kukamata, ni weye tu."

Mzee aliupapasa ubao kwa muda mrefu. Akaitoa penseli sikioni, akampa Mama Wivine, akaketi.

Asante, Mzee Nuwa, kwa kazi ya mikono yako na kwa siku ile uliyopanda kilima. Huko Muhokya ukae juu ya benchi lako miaka mingi, wewe na Mama Biira, mkiwa na afya na amani. Na mafuta, Mzee wetu, sasa paka utakavyo.