Mama Randa na Mwenye Kitanda

Ndugu, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi hii ilitupa shida kuikamilisha.

Dada yetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mama Randa, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba yetu seremala na mama yetu muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana, na mama alikuwa akisema kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia mtoto huyu duniani ilikuwa ya msumeno.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza sekondari mwaka 1981, na jioni zote hizo alikuwa karakanani kwa baba, ambaye alimfukuza mara nyingi akimwambia vumbi la mbao halimfai msichana, naye akarudi mara nyingi zaidi, mpaka baba akachoka, akamkabidhi randa yake ya zamani. Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani, na alipohitimu chuo hicho hicho kikamwajiri kufundisha useremala, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2023. Hakuvumilia kiungo kilicholegea, na mwanafunzi aliyemletea stuli inayoyumba alitakiwa kuikalia yeye mwenyewe mpaka kipindi kiishe, nanyi mnaocheka huko nyuma nadhani mliikalia.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu mfamasia, mtu mpole, aliyekuja karakanani kuagiza rafu za dawa, kisha akarudi tena na tena kulalamika kwamba hazijanyooka, nazo zilikuwa zimenyooka kabisa.

Kuhusu watoto, hapa ndipo tulipokwama juzi. Shangazi yetu, mkubwa wa ukoo aliyebaki, alitaka niandike kwamba marehemu hakujaaliwa mtoto, shemeji akataka niandike mtoto mmoja, na shangazi akamwambia kwa upole, “Baba, kwenye historia ya marehemu tunaandika yaliyotokea, matumaini tunamwachia Mungu.” Mimi nikaacha nafasi wazi kwenye karatasi.

Yaliyotokea ni haya. Miaka mingi ya ndoa ilipita bila mtoto, wakaomba kuasili, na mwaka 2002 wakaunganishwa na msichana wa miaka mitatu, aliyekuwa katika kituo cha watoto cha nchi ya mbali, wakasafiri kumwona, wakakaa naye wiki mbili, akawazoea hata akawa anamvuta shemeji masharubu. Kilichomkaa dada moyoni ni kwamba mtoto huyo bado alilazwa kwenye kitanda cha kichanga, magoti yamekunjwa, kwa hiyo, kwa maneno machache ya lugha ya mtoto aliyokwisha kujifunza, akamwahidi kitanda cha kunyoosha miguu.

Waliporudi kusubiri uamuzi wa mahakama ya huko, alikitengeneza kitanda chenyewe, na mifumbati yake, yaani zile mbao za ubavuni, akaifanya vipande viwili vinavyopishana na kukazwa kwa bolti, ili kitanda kirefuke kadiri mtoto anavyokua. Godoro lilikuwa limeshanunuliwa, ilikuwa Novemba, wakili wao wa huko alipopiga simu kusema kwamba amejitokeza mama mdogo wa mtoto, kwamba mahakama imempa yeye, na kwamba kwa sheria za huko hawatapata tena habari zake.

Sitasema dada alipokea jambo hilo kwa utulivu, mngejua nadanganya. Miezi kadhaa hakukanyaga nyumba ya ibada, na shemeji alikuwa akimkuta karakanani akipiga randa ubao mmoja ule ule, hadi ubao wote ukaisha, ukawa maranda sakafuni, shemeji akafagia bila kuuliza kitu. Ugomvi wake ulikuwa na Mungu, yule mama mdogo hakumsema vibaya hata siku moja. “Mtoto akitakwa na wawili huyo amepata,” aliniambia, “aliyekosa ni mimi, na mimi ni mtu mzima.”

Ilipofika Machi, siku ya kuzaliwa ya mtoto, dada aliamka akachukua spana, akafungua bolti, akakirefusha kitanda hadi kwenye tundu linalofuata, lile la zamani akaliziba kwa kizibo cha mbao, akalilainisha, na jioni hiyo akarudi kusali. Tangu hapo alifanya hivyo kila mwaka. Kipimo alikipata kwa binti wa jirani yetu fundi saa, aliyezaliwa mwezi na mwaka mmoja na yule mtoto, akimsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa karakana, na binti huyo, ambaye leo ameketi hapa mbele, alikuwa akilalamika, “Mama Randa, ninayekua ni mimi, mbona kitanda anapewa mwingine?” naye akimjibu, “Simama wima, acha kunyanyua visigino, utampatia mwenzako kitanda cha twiga.”

Kitanda hakikukaa bure. Wamekilalia wapwa zake, wamekilalia wanafunzi waliokosa pa kufikia, nimekilalia mimi mwenyewe kipindi ambacho mimi na mke wangu tulikuwa hatusemezani, na kila mtu aliambiwa lile lile, “Lala, ila kina mwenyewe, usinimwagie chai.” Tulimsihi aachane nacho, tukidhani anajitesa, akatujibu, “Simsubiri aje. Nataka tu, huko aliko, awe anakua,” na kila alipokaza bolti alimwombea yeye pamoja na mama yake mdogo. Mwaka 2016 binti wa fundi saa alipoacha kurefuka, dada alikaza bolti kwa mara ya mwisho, akarudi nyuma hatua moja, akasema, “Haya, amefika.”

Mapema mwaka 2024 alianza kusumbuliwa na mapafu, akatibiwa, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi, na miezi ya mwisho alihamia chumba chenye kitanda hicho kwa sababu kinapata jua la asubuhi. Alicheka alipoona miguu yake haifiki mwisho, akasema, “Kumbe mtoto kanizidi.” Humo ndimo alimofariki, asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, shemeji akiwa amemshika mkono.

Familia inamshukuru daktari wake na wauguzi waliokuja hadi nyumbani, chuo na walimu wenzake, majirani wote, fundi saa na binti yake aliyekuwa akimwosha nywele, na wanafunzi wake waliotengeneza jeneza hili, nimelikagua, hakuna kiungo kilicholegea.

Imebaki ile nafasi niliyoiacha wazi. Kwa kuwa nyumba ilijaa wageni, jana shangazi alilazwa kwenye kitanda hicho, na leo asubuhi alinifuata jikoni kabla sijanywa chai, akasema amepapasa vile vizibo kwenye mfumbati, kimoja baada ya kingine, toka mtoto mdogo mpaka mtu mzima. “Huyu mtoto amelelewa,” akaniambia. “Andika.”

Nimeandika. Marehemu ameacha mume, ndugu watatu, na binti mmoja, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, aliye mbali, ambaye hajui kwamba leo amefiwa.

Nyoosha miguu sasa, dada, upumzike kwa amani, kitanda tutakitandika sisi.