Kidonge cha Siku ya Kliniki

Basi, mpaka rangi mmoja alikuwa ndani ya basi akienda kupimwa presha. Mtu humwambia abiria mwenzake yale anayomficha daktari, naye akamnong'oneza mama aliyeketi kando yake: "Dada, kidonge hiki cha presha kinanikojoza. Nikiwa kazini juu ya ngazi, nitashuka mara ngapi? Nakimeza siku ya kliniki tu. Leo nimemeza vitatu, kipimo kisije kikanisuta."

"Unamdanganya nani, kaka? Mume wangu alikuwa mjanja hivyohivyo. Siku hizi namlisha kwa kijiko."

Mpaka rangi akamgeukia. "Kwani kiharusi kilimwanza vipi?"

"Kizunguzungu tu. Akasema ni njaa."

Basi likasimama mlangoni mwa hospitali. Mpaka rangi akainuka, akaona giza, akakaa tena.

"Dada," akasema polepole, "mimi leo nimekula nikashiba."