Gego la Mpiga Tarumbeta

Macho hayana pazia, na masikio ndani ya treni ndiyo kabisa. Mbele yangu daktari wa meno alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, wakala wa bima waliyejuana naye vituo viwili tu vilivyopita.

"Miaka mitatu iliyopita nilimng'oa mpiga tarumbeta gego. Sasa ananidai fidia, anasema mdomo umekufa ganzi, hawezi kupuliza. Nilikuwa na bima wakati ule, na leo ninayo. Kampuni zote mbili zimenikataa."

"Ulihama kampuni, dada?"

"Mwaka jana. Hii mpya ilikuwa nafuu."

Wakala akatikisa kichwa kwa ile huruma ya kikazi. "Ya zamani hulipa madai yanayoletwa mkataba ukiwa hai, na wako ulikufa ulipohama. Hii mpya ina tarehe ya kurudi nyuma, yaani mwisho wa kurudi nyuma kuhesabu makosa, na kosa la kabla ya tarehe hiyo si lao. Ulipohama ungewaomba waiache tarehe yako ya zamani. Wewe wamekuanzishia upya, mwaka jana."

"Kwa hiyo nimekuwa na bima siku zote, isipokuwa kwa jino hili."

"Kwa makosa ya kuanzia mwaka jana na kuendelea, umekingwa vizuri sana."

"Basi nimwite nimkosee tena."

"Hapo itakuwa makusudi, dada. Makusudi hayalipwi."

Daktari hakucheka. "Ana watoto wanne, kaka. Na kweli nilimkosea. Nani atamlipa?"

Treni ikasimama. Wakala akasema hapa ndipo anaposhuka, akamwachia kadi yake.